Keshi, akruali au mseto: mapato ya biashara yako uyaandike lini?

Mama mdogo wangu ana karakana ya kushona sare za shule Mbagala. Kuna mwaka, mwezi wa kumi na moja, akanipigia simu ana furaha kweli, ananiambia mwanangu mwezi huu nimepata milioni 1 na laki 8, nikamuuliza umeuza nini mama, akasema bado sijauza ila shule imeshatoa advansi. Ile hela akaezekea nyumba. Mwezi wa kumi na mbili mafundi wanataka chao, hela hakuna, akaenda kukopa mtaani kwa riba huku mzigo upo nusu mezani. Hakuchezea hela na wala sio mzembe yule mama, daftari lilimwambia ana faida na yeye akaliamini.

Tangu hapo nimeandikia watu wengi hesabu, wa maduka, wa shule ndogo, wa magari ya mizigo, na swali linalowakwamisha ni hilohilo: mapato niyaandike siku hela inaingia au siku nimemaliza kazi? Majibu yapo matatu na yote yanatumika na watu wenye akili zao. Nayaweka hapa pamoja uone lipi linakaa na biashara yako.

Kwanza tuelewane maneno. Keshi ni pale unapoandika mapato siku hela imeingia, na matumizi siku hela imetoka, basi. Akruali ni pale unapoandika mapato siku umetimiza ulichomuahidi mteja, awe amelipa au hajalipa, na gharama unaziandika kwenye kipindi zilipotumika kuleta hayo mapato. Vitabu vya Kiswahili vinaiita msingi wa malimbikizo, ila neno malimbikizo watu wamelizoea kwenye malimbikizo ya mishahara, yani deni la nyuma, wanachanganyikiwa, kwahiyo mi nitasema akruali. Mseto ni ule mtindo wa kuandika keshi kila siku alafu mwisho wa mwezi unarekebisha madeni, advansi na stoku ili upate picha ya akruali.

Tunapima kwa nini

Nitaziangalia zote tatu kwa mambo yaleyale: mapato yanaandikwa lini, faida unayoiona ina ukweli kiasi gani, unaionaje hela iliyopo mkononi, kazi ya kuandika ni kubwa kiasi gani, na kodi pamoja na benki wanasemaje. Alafu inamfaa nani.

Ila kabla ya yote kuna kitu kimoja naomba ukipime mwenyewe kwenye biashara yako, maana ndo kinaamua karibu kila kitu: umbali kati ya kazi na hela. Ukimuuzia mtu sabuni dukani, kazi na hela vinatokea dakika moja, hakuna umbali. Ukishona sare, advansi inakuja mwezi wa 11, kazi inaisha mwezi wa 1, hela ya mwisho inakuja mwezi wa 3, hapo kuna umbali wa miezi minne na kila mbinu ya hesabu itakuonyesha kitu tofauti.

Oda moja, daftari mbili

Tuchukue oda ya mfano inayofanana na za mama mdogo. Shule inataka sare jozi 200 kwa 35,000, jumla milioni 7. Mwezi wa 11 inatoa advansi asilimia 40, yani 2,800,000. Kitambaa na vifungo ni milioni 3, mwenye duka anachukua milioni 1 palepale na milioni 2 anakubali kusubiri mpaka mwezi wa 2. Mafundi wanalipwa 7,000 kwa jozi, 1,400,000, mwezi wa 12. Mzigo unakabidhiwa tarehe 10 mwezi wa 1. Shule inamalizia 4,200,000 mwezi wa 3, wazazi wakishalipa ada. Fremu ni laki 3 kwa mwezi lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kwahiyo mwezi wa 1 inatoka 1,800,000 ya mwezi wa 1 hadi wa 6 (ya mwezi wa 11 na 12 ilishalipwa katikati ya mwaka). Riba tuiache pembeni.

| Mwezi | Keshi | Akruali |
|---|---|---|
| Wa 11 | +1,800,000 | −300,000 |
| Wa 12 | −1,400,000 | −300,000 |
| Wa 1 | −1,800,000 | +2,300,000 |
| Wa 2 | −2,000,000 | −300,000 |
| Wa 3 | +4,200,000 | −300,000 |
| Jumla | +800,000 | +1,100,000 |

Angalia mwezi wa 1. Ndo mwezi kazi imekamilika, watoto wamevaa sare, lakini daftari la keshi linasema ni hasara ya milioni 1 na laki 8. Na mwezi wa 11, ambao hakuna hata jozi moja imetoka, daftari hilohilo linasema umepata. Kwenye akruali ile advansi sio mapato, ni deni, unadaiwa sare. Mapato milioni 7 yanaingia yote mwezi wa 1 siku ya kukabidhi, na kitambaa na ushonaji, jumla 4,400,000, ambavyo mpaka siku hiyo vilikua vinahesabika kama stoku, vinaingia mwezi huohuo kama gharama ya mauzo, inabaki 2,600,000, unatoa fremu ya mwezi mmoja tu laki 3, unabaki na 2,300,000.

Tofauti ya laki 3 kwenye jumla isikutishe, haijapotea popote. Keshi imebeba kodi ya fremu ya miezi sita, 1,800,000, akruali imebeba ya miezi mitano iliyotumika kuanzia wa 11 hadi wa 3, 1,500,000. Ukiongeza miezi, mbinu hizi mbili zinakutana. Siku zote zinakutana, zinagombana tu kuhusu lini.

KESHI

*Mapato yanaandikwa lini.* Hela ikigusa mkono, droo, au simu. Ukilipwa kwa lipa namba ni siku meseji imeingia. Hakuna ubishi, na huu ndo uzuri wake mkubwa, hata mtoto wa darasa la saba unaemuacha dukani anaweza kuandika bila kukosea.

*Faida.* Kama kazi na hela vinatokea pamoja, faida ya keshi inakaribia sana ukweli. Mama ntilie ananunua mchele na nyanya asubuhi, jioni sufuria ni tupu na hela iko kwenye kanga, hiyo hesabu ya siku ni faida kabisa, ukimwambia aanze akruali unampotezea muda. Ila ukianza kukopesha au kupokea advansi, keshi inaanza kukudanganya, na inadanganya pande zote mbili, mwezi mzuri inauita mbaya na mbaya inauita mzuri. Pia stoku inapotea machoni, mtu ananunua mzigo wa milioni 5 mwezi wa 6 kwa ajili ya sikukuu, daftari linasema hasara ya kutisha, wakati mzigo upo pale stoo haujaguswa.

*Hela mkononi.* Hapa keshi haina mpinzani. Ukitaka kujua kesho utalipa mafundi au hutalipa, daftari la keshi linakujibu bila kuzunguka.

*Kazi ya kuandika.* Ndogo. Daftari moja, safu ya kuingia, safu ya kutoka, salio. Dakika kumi kila jioni. Tatizo naloliona kila mahali ni watu kuchanganya hela ya nyumbani na ya biashara, na hilo litaharibu mbinu yoyote utakayochagua.

*Kodi na benki.* Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu mtu binafsi mwenye biashara, yani asie na kampuni, kuchagua keshi au akruali, ile inayoonyesha mapato yake kwa uwazi zaidi. Na wale wadogo ambao mauzo hayazidi milioni 100 kwa mwaka wana utaratibu wao wa kodi inayoangalia mauzo badala ya faida, kwahiyo kwao cha muhimu ni rekodi nzuri ya mauzo. Kwa ndugu zetu wa Kenya kuna kitu kinafanana, ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo kwa wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Benki wao ukienda na daftari la keshi watakuangalia miamala ya akaunti na simu, mkopo mdogo unaweza kupita, mkubwa ni shida.

*Inamfaa nani.* Duka la rejareja lisilokopesha, genge, saluni, bodaboda, mama ntilie, fundi simu, na yeyote anaeanza ambae bado hajazoea kuandika kila siku.

AKRUALI

*Mapato yanaandikwa lini.* Hapa ndo pana utamu na ndo pana ugumu, nitakaa kidogo.

Viwango vya kimataifa vya uhasibu (IFRS) vina kanuni inaitwa IFRS 15, ilitolewa 2014 ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inakutaka upite hatua tano: je kuna mkataba na mteja (hata wa mdomo ni mkataba), umeahidi kitu gani au vitu gani, bei ni ngapi, kila ahadi inabeba kiasi gani cha hiyo bei, na ahadi imetimia lini. Mapato unayaandika kwenye hatua ya tano. Neno kubwa hapo ni udhibiti, yani mteja ameshakua na mamlaka juu ya kile kitu, anaweza kukitumia, kukiuza, hatari ya kuibiwa imeshahamia kwake. Kuandika invoisi peke yake hakufanyi mapato. Kulipwa peke yake hakufanyi mapato.

Ahadi nyingine zinatimia kwa siku moja, kama sare. Nyingine zinatimia kidogo kidogo kadri muda unavyoenda. Una shule ya chekechea, mzazi analipa ada ya muhula 600,000 mwezi wa 1, hujamfundisha mtoto wake bado, ukigawa sawa kwa miezi sita kila mwezi unaandika laki 1 na iliyobaki ni deni lako kwa yule mtoto. Wenye shule wengi mwezi wa 1 wanajisikia matajiri, mwezi wa 5 walimu wanaanza kulipwa nusu nusu, sababu mara nyingi ni hii tu.

(Kwa wanaopenda kuchimba: hata sare zenye nembo ya shule zinaweza kuandikwa kidogo kidogo wakati zinashonwa, endapo mkataba unasema shule ikighairi katikati italipa kazi yote iliyofanyika pamoja na faida yake, maana sare zile huwezi kumuuzia mwingine. Mikataba yetu mingi haisemi hivo, kwahiyo ni siku ya kukabidhi.)

Alafu kuna mali kauli, na hii naomba wenye maduka ya jumla Kariakoo wanisikilize. Umempa kijana jeans 50 kwa mali kauli, akauze akuletee hela. Je umeuza? Inategemea mmekubaliana nini. Kama zikibaki anakurudishia bila maneno, basi bado hujauza, zile jeans ni stoku yako iliyolala kwenye meza ya mtu mwingine, mapato unaandika pale anapouza yeye. Kama akishachukua ni zake, ziibiwe zinyeshewe deni lipo palepale, umeuza siku ile na unamdai. Nimeona watu wana daftari limeandikwa mauzo ya milioni 12 wakati nusu ya mzigo utarudi mwezi wa pili umepauka. Mwandikie kijana kwenye karatasi mzigo unarudi au haurudi, hilo moja tu linasafisha hesabu yako na pia linapunguza ugomvi.

Na wakala wa M-Pesa ajue hela inayopita mkononi mwake sio mapato yake. Mzunguko wa milioni 5 kwa siku ni hela za watu, mapato ni kamisheni.

*Faida.* Ndo sababu ya akruali kuwepo. Inapanga mapato na gharama zake kwenye kipindi kimoja, kwahiyo unajua oda ipi inalipa na ipi inakula mtaji. Fremu ya miezi sita inagawanywa, cherehani ya milioni 2 utakayotumia miaka mitano inagawanywa pia kama uchakavu, laki 4 kwa mwaka, haimezwi na mwezi mmoja. Mama mdogo alipoanza kuona hivi ndo akagundua oda za shule zinamuingizia hela nyingi lakini faida ya jozi moja ilikua ndogo kuliko ya magauni ya harusi aliyokua anayadharau.

Ila isikupumbaze, akruali inategemea makadirio na uaminifu, na inaweza kupindishwa. Hata wakubwa wamejikwaa: Septemba 2014 Tesco, maduka makubwa ya Uingereza, walitangaza kwamba makadirio yao ya faida ya nusu mwaka yalikua yamezidishwa kwa takriban pauni milioni 250, kwa sababu fedha kutoka kwa wasambazaji ziliandikwa mapema mno na gharama zikacheleweshwa. Keshi ilikua ileile, kilichokosewa ni lini.

*Hela mkononi.* Huu ndo udhaifu wake na nausema kwa uchungu maana umeua biashara nilizokua naziandikia. Unaweza kuwa na faida kwenye karatasi na usiwe na nauli. Mwezi wa 1 kwenye mfano wetu faida ni 2,300,000 na hela ya kulipa kitambaa mwezi wa 2 haipo. Biashara ikikua haraka ndo hatari zaidi, kila oda mpya inataka kitambaa leo na inalipa baada ya miezi. Ukitumia akruali lazima uwe na karatasi ya pili, ya mtiririko wa fedha, lini hela inategemewa kuingia na lini inatakiwa kutoka.

*Kazi ya kuandika.* Kubwa. Unahitaji daftari la wadaiwa, la wadai, la advansi, kuhesabu stoku kila mwisho wa mwezi, kugawa gharama zilizolipwa mbele, na mtu anaejua upande wa kushoto na wa kulia wa daftari (debiti na krediti). Eksel inatosha kwa biashara nyingi, programu za uhasibu zinasaidia, lakini mtu asieelewa akitumia programu anakosea kwa haraka zaidi tu.

*Kodi na benki.* Kampuni Tanzania haina uchaguzi, sheria ya kodi ya mapato inaitaka akruali. Kwahiyo siku ulipoenda kusajili kampuni ili upate tenda, ulichagua akruali bila kujua. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, na faida hiyo inaweza kuwa na hela ambazo mteja hajakulipa bado. Deni likishindikana kabisa unaweza kulifuta na kulitoa kwenye hesabu za kodi, ila uonyeshe umelifuatilia kwa njia zote za maana, kwahiyo tunza barua, meseji na nakala za kudai. Benki na wafadhili wanazipenda hesabu za akruali, wakitaka zilizokaguliwa ndo hizi. Kwa biashara ndogo na za kati kuna toleo jepesi la IFRS lililoanza 2009.

*Inamfaa nani.* Kampuni yoyote, mkandarasi, shule, kiwanda kidogo, muuzaji wa jumla anaekopesha, mtu wa tenda, na yeyote anaetafuta mkopo mkubwa au mbia.

MSETO

*Mapato yanaandikwa lini.* Kila siku unaandika hela inavoingia, kama keshi. Mwisho wa mwezi unakaa chini masaa mawili: nani nimemkabidhi mzigo hajalipa (ongeza kwenye mapato), nani kalipa deni la mwezi uliopita (toa, ulishaliandika), nani kalipa na sijamkabidhi (toa, ni deni langu), nani kanipa bidhaa au huduma ya mwezi huu sijamlipa (ongeza gharama), nimelipa nini cha mbele (toa kwenye gharama), stoku imebaki kiasi gani.

*Faida.* Ukifanya hiyo kazi ya mwisho wa mwezi kwa uaminifu unapata faida inayokaribia akruali kabisa. Ukiiruka miezi mitatu, umerudi kwenye keshi na hujui.

*Hela mkononi.* Unaiona kila siku, maana daftari la keshi bado lipo. Kwa mtu mwenye biashara peke yake bila mhasibu hii raha ya kuona vyote viwili ni kubwa.

*Kazi ya kuandika.* Ya kati. Daftari la keshi, daftari la madeni lenye pande mbili, na bahasha ya advansi. Bahasha namaanisha bahasha kweli au akaunti ya pembeni, hela ya oda isiyokabidhiwa inakaa huko na inatoka kununua kitambaa cha oda hiyohiyo tu.

*Kodi na benki.* Hapa uwe makini. Mseto ni njia ya kufanya kazi, sio njia ya tatu ya kisheria ya kuchagua unachopenda. Huwezi kuandika mauzo kwa keshi ili yachelewe na matumizi kwa akruali ili yawahi, hiyo haionyeshi mapato yako kwa uwazi na ukikaguliwa utarudishwa. Kwa kampuni mseto ni sawa katikati ya mwezi mradi hesabu za mwisho zitoke akruali kamili.

*Inamfaa nani.* Karakana, studio ya picha na video, fundi wa aluminiamu, mpishi wa shughuli, duka linalokopesha wateja wachache wanaojulikana, mkulima mwenye mnunuzi wa mkataba.

VAT haiangalii daftari lako

Hili naliweka peke yake kwa sababu linawaumiza wa mbinu zote. Tanzania Bara ukifikisha mauzo ya milioni 200 kwa miezi 12 unatakiwa kusajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na VAT inadaiwa kwenye tukio linalotangulia kati ya matatu: kuandika invoisi, kupokea malipo, au kukabidhi. Advansi ikiingia inadaiwa. Mzigo ukitoka inadaiwa. Umetoa invoisi ya milioni 10, juu yake 1,800,000 ya asilimia 18, ritani, yani fomu ya VAT ya kila mwezi, mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mteja wako anasema analipa baada ya siku 90. Hiyo 1,800,000, ukishatoa VAT uliyolipa kwenye manunuzi, itatoka mfukoni kwako kwanza. Kwahiyo kabla hujakubali masharti ya siku 90, piga hiyo hesabu, na kama unaweza omba advansi inayotosha angalau kulipa VAT na malighafi.

Sasa wewe uko wapi

Kama wateja wako wote wanalipa palepale na huna stoku kubwa, kaa na keshi, usione aibu, weka nguvu kwenye kutenganisha hela ya nyumbani na kuhesabu droo kila jioni. Ongeza tu ukurasa mmoja nyuma ya daftari wa wanaokudai na unaowadai.

Kama unapokea advansi hata kwa nusu tu ya kazi zako, achana na keshi tupu leo hii, nenda mseto. Sisemi hivi kwa nadharia, nilimuona mama yule analia.

Kama unakopesha na watu wanachelewa, mseto utakutosha mpaka wadaiwa wafike idadi usioweza kuikumbuka kichwani, hapo tafuta mhasibu hata wa siku mbili kwa mwezi.

Kama una kampuni iliyosajiliwa, swali la akruali limeshajibiwa na sheria, lililobaki kwako ni kuhakikisha una ratiba ya hela ya wiki nane mbele ukutani, maana hesabu za mwaka hazitakuonya kwamba Ijumaa hakuna mshahara.

Kama unaelekea kukopa benki au kuingiza mbia mwakani, anza akruali mwaka huu, kwa sababu watataka kulinganisha miaka na huwezi kuitengeneza ya nyuma usiku mmoja.

Na kama wewe ni mtu binafsi uliekua unapeleka hesabu za kodi kwa keshi na unataka kuhamia akruali, usibadilishe kimya kimya, sheria inataka umuombe Kamishna wa mamlaka ya mapato (TRA) kwa maandishi. Chagua mwanzo wa mwaka wako wa hesabu, siku hiyo hesabu stoku yote, orodhesha unaowadai, wanaokudai, advansi ulizoshika na kodi ya fremu uliyolipa mbele. Orodha ya advansi ipitie mara mbili. Ile uliyoiandika kama mapato mwaka jana wakati wa keshi, mzigo ukitoka mwaka huu usiiandike tena, la sivyo hela moja italipiwa kodi mara mbili.